Kichwa cha Kulinganishia

Alhamisi, 4 Septemba

Mpwa wangu Mpiga Picha,

Kabla hujasoma neno jingine, tafuta kiti ukae, kwa sababu anayekuandikia si yule mjomba uliyemzoea. Tangu Jumanne kichwa changu ndicho kipimo. Vichwa vyote vilivyogongwa na kudondoshwa katika nchi hii sasa vinalinganishwa na changu, na kisichofanana na changu ndicho kibovu. Daktari wenu wa ubongo hakulisema kwa maneno hayo hayo, lakini niliona alivyonitazama. Mwanamume hutazamwa hivyo mara moja tu, siku ya harusi yake.

Najua siku ile hospitalini kwenu ulikaa pembeni, eti sheria haimruhusu mpiga picha kuwapiga ndugu zake. Sheria ya ajabu. Ningekuwa mimi ningempa mgeni picha mbaya na ndugu picha nzuri. Basi hukuona. Kaka yako Mizani aliingia kwenye lile bomba akalala kama ubao, nusu saa na ushei, mashine ikipiga kelele kama mafundi bati waliogombania nyundo. Hakutikisika hata kope. Nami nikiwa benchini nikimsubiri, yule nesi mrefu akaja kutafuta watu wenye vichwa vizima wa kujitolea. Akatupa macho huku na huku, yakatua kwangu. Hakuhangaika zaidi.

Sasa nije kwenye hasira, maana nimekasirika mpaka kofia haikai.

Huyu ni kijana ambaye mtaa mzima ulimbatiza Mizani kwa sababu alikuwa akitazama fremu ya dirisha kwa jicho moja, anakwambia imelala upande gani na kwa kiasi gani, na ukileta kipimo cha maji unajiaibisha tu. Leo anasimama mbele ya dirisha kashika bisibisi, hajui alikuwa anafunga au anafungua. Miezi mitano tangu ngazi iteleze na utosi wake ukutane na ukingo wa zege! Watu wawili wakizungumza kwa pamoja anashika kichwa. Taa nyeupe zinamchoma. Na yule daktari wa hapa kwetu aliyempiga CT scan siku ya ajali kasema nini? "Picha ni safi. Hana kitu." Hana kitu! Kama hana kitu, basi mimi ni askofu.

Tumerudi kutoka kwenu, baba yako anatungoja sebuleni. Unamjua shemeji yangu, katunza stoo maisha yake yote, akili yake nayo ina rafu. "Kisichoonekana rafuni hakipo," kasema. "Picha ya kwanza ilikuwa safi. Huyu anajifanya." Ameitisha kikao cha familia Jumapili tarehe 28. Siku hiyo ufunguo wa karakana ya mbele, anakofanyia kazi Mizani, anapewa fundi mwingine, na Mizani atafute pa kulala mpaka uvivu umtoke.

Akanitaja na mimi! Akamgeukia kaka yako: "Mjomba wako alidondokewa na boriti ya chuma utosini, akaikung'uta kama vumbi, akamaliza kupakia malori mawili. Wewe ngazi tu imekushinda?" Kaka yako akanitazama. Mimi nikatazama dari. Si vizuri mtu kujisifu mbele ya mgonjwa.

Kwa hiyo fanya haraka. Nataka majibu kabla ya tarehe 28, yaseme nyuzi za ubongo zimekatika, na yawe na muhuri mkubwa, ule wa duara. Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza.

Mjomba wako,
Mkuu wa Upakiaji, Duka la Fanicha,
na Kichwa cha Kulinganishia Namba 31

Nyongeza: Nesi alinizawadia picha ya nyuzi zangu, yenye rangi. Nimeitia fremu. Wateja wanaacha kutazama makabati.


Jumanne, 9 Septemba

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imefika na basi la asubuhi. Hongera kwa kujitolea. Yule daktari anamtazama hivyo kila mtu. Ana miwani mipya.

Naomba unielewe vizuri ili nyumbani pasiharibike zaidi. Ile CT ya mwanzo haikusema uongo. Ilitazama kama fuvu limepasuka au damu imevuja ndani, ikakuta hakuna, na kwa kazi hiyo ni nzuri mno. Lakini ndani ya ubongo kuna nyuzi nyembamba kuliko unywele, mamilioni kwa mamilioni, zimefungwa mafungu mafungu, zinapeleka habari kutoka pembe hii kwenda pembe ile. Kichwa kikitikiswa kwa nguvu, nyuzi zinavutwa na kujinyonga huku fuvu limebaki zima. CT haioni hilo. Ni kama kukagua nyumba kwa kuzunguka nje na kusema umeme ni mzuri kwa sababu ukuta umenyooka.

Na sisi pia hatuzioni nyuzi zenyewe. MRI yetu, lile bomba mliloingia, inafuatilia maji. Kwenye fungu zima, maji huteleza kufuata urefu wa nyuzi. Fungu likivurugika, maji husambaa ovyo. Kompyuta inapima maji yameelekea wapi, kisha inapaka rangi: nyekundu kwa nyuzi za kulia kwenda kushoto, kijani za mbele kwenda nyuma, buluu za juu kwenda chini. Rangi si ugonjwa, Mjomba. Kichwa kizima kina rangi zote.

Muhuri siwezi kukuahidi, achilia mbali wa duara. Kwanza, majibu ni ya Kaka, yeye ndiye ataambiwa na daktari kabla ya mtu yeyote. Pili, picha peke yake haihukumu mtu. Fungu laweza kuonekana dhaifu kwa sababu ya umri, au mtu kajitikisa ndani ya mashine. Ndiyo maana tunawahitaji watu wa kulinganisha, wa kila umri, kwenye mashine ile ile, ili kila mgonjwa apimwe na wa umri wake. Ndiyo maana alipimwa kumbukumbu na kukaa na daktari muda mrefu. Vyote vinasomwa pamoja.

Usidhani sina hasira. Kila wiki naletewa mtu aliyeambiwa na watu wake kwamba anajifanya, kwa sababu picha ya kwanza ilikuwa safi. Wanaingia chumbani wakiomba radhi. Mtu anaumwa, na anaomba radhi! Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini angalau usimcheke anayejikuna. Siku ile nilikaa korido nikamsikia kaka yangu mwenyewe akimwambia mwenzangu, "Samahani kwa usumbufu, labda hakuna kitu." Nilitamani kung'oa mlango.

Nina swali moja. Baba alipotoa mfano wa boriti, ungeweza kusema neno lolote la kumtetea Kaka. Kwa nini ulitazama dari?

Mpwa wako


Jumamosi, 13 Septemba

Mpwa wangu,

Kuhusu dari: ina ufa, nami sipiti ufa bila kuukagua.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekasirika mahali tofauti. Eti tusubiri. Eti vyote vinasomwa pamoja. Mpwa wangu, baba yako hasubiri! Jana nimemkuta karakana na yule fundi mwingine, mtu wa milango ya bati, mtu ambaye akikufungia dirisha unalazimika kuinamisha kichwa ili uone barabara imenyooka. Anapima meza ya Mizani kwa mikono yake, na Mizani amesimama pale pale kama mgeni kwenye msiba wake. Nikamwambia yule fundi, "Ondoa mikono hapo, meza hiyo ina mwenyewe." Akanijibu, "Mzee, mimi nimeitwa." Mzee! Mimi!

Nikaona maji yamezidi unga. Mwenye nguvu mpishe, lakini mimi nguvu ninazo, nitampisha nani? Nikachukua hatua. Nimempelekea baba yako ushahidi. Usiulize ushahidi gani, wewe jua tu kwamba nilimwekea mezani, akavaa miwani, akauinua kwenye mwanga wa dirisha, na mdomo ukabaki wazi. Nikamwonyesha kwa kidole palipokatika, palipovuja na palipooza. Nilisema kwa dakika nyingi bila kukohoa. Hata wewe na diploma yako usingenifikia.

Aliniomba abaki nao kidogo. Nikamwachia, kwa sababu mshindi hana haraka.

Kwa hiyo tulia. Mambo ya huku yamekwisha. Ukipata majibu yako leta, yatakuwa kama chumvi juu ya chakula kilichokwisha kuiva.

Mjomba wako,
Mtetezi wa Familia


Jumatano, 17 Septemba

Binti yangu,

Salamu. Mimi ni mzima.

Mjomba wako aliniletea picha ya ubongo wa kaka yako kutoka kwenye mashine yenu, imetiwa kwenye fremu ya mbao. Akanieleza kwamba nyekundu ni damu iliyoganda, kijani ni usaha, na buluu ni mahali nyuzi zilipokatika. Nikamwambia, kama ni hivyo basi hakuna ubongo uliobaki. Akasema, "Ndicho ninachokwambia, shemeji."

Mimi sitii saini mzigo kwa maneno ya dereva. Nikaichukua picha nikaenda nayo kwa daktari wa hapa. Akampigia mwenzake wa kazi hiyo, wakatazama wote kwenye simu. Wakasema hakuna ubaya wowote humo. Yule mwenzake akauliza huyu ni nani mwenye nyuzi zilizopangika hivi.

Kwa hiyo CT ilisema mzima, na mashine yenu kubwa nayo imesema mzima. Nimemwonyesha kaka yako. Hakubisha. Aliitazama, akasema, "Basi ni mimi tu."

Usinione mtu mbaya. Maisha yangu yote nilikubali nilichokiona kwa macho. Nilichokiona ni mtoto aliyekuwa akiamka kabla yangu, sasa jua linamkuta kitandani. Wateja wanakuja, anawasikiliza, wakiondoka hajui walitaka nini. Nikimuuliza ananifokea mimi baba yake, kisha analia. Mama yako angekuwepo angejua la kufanya. Mimi najua ya stoo.

Jumapili tarehe 28 ufunguo unahama mkono. Mashine yako ikisema mzima, mimi ni nani nibishane nayo?

Baba yako


Jumamosi, 20 Septemba

Mjomba,

Leo sina shikamoo, nitakupa nyingine siku nikipoa.

Juzi daktari wa ubongo alimpigia Kaka akamweleza majibu. Kaka kaniruhusu nikwambie, na barua ya daktari ameshaipata mwenyewe. Kati ya upande wa kulia na wa kushoto wa ubongo kuna fungu kubwa la nyuzi, ni kama daraja. Kwenye sehemu ya mbele ya daraja hilo, maji ya Kaka yamesambaa ovyo kuliko kwa watu wote wa umri wake waliopimwa hapa. Daktari akaweka hilo pamoja na kumbukumbu yake, wepesi wake wa kufikiri na historia ya ajali. Anasema ameumia kweli. Si uvivu, si maigizo. Asipande ngazi kwa sasa, apumzike, aanze kazi kidogo kidogo mahali patulivu anapopazoea, mtu asimfokee. Ana nafasi nzuri ya kupata nafuu. Lini, hakuna anayeweza kuapa.

Mahali patulivu anapopazoea, Mjomba. Yaani karakana yake!

Nikampigia Baba kwa furaha. Unajua alinijibu nini? "Picha ya kwanza ya mashine hiyo hiyo ilisema mzima. Hii ya pili mmeipika." Nikamuuliza picha gani ya kwanza. Akasema iliyo kwenye fremu. Nikamwomba anisomee namba iliyo pembeni, chini. Akavaa miwani. Thelathini na moja.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya chumba cha kubadilishia nguo.

Ulimpelekea ubongo wako! Ulimpa Baba ubongo mzima wa mtu aliyekula akashiba, ukamwambia ni wa mtoto wake aliyeanguka! Nilikuandikia kwamba rangi si ugonjwa. Nilikuandikia kwa mkono wangu! Na Kaka akaonyeshwa, akaamini kwamba amejionea mwenyewe kuwa hana kitu. Hebu jiweke mahali pake hata kwa muda wa kumeza mate.

Nimemweleza Baba kwamba picha ile ni yako. Hakubali. Anasema namtetea kaka yangu, na kwamba mjomba mtu mzima, tena ndugu wa marehemu mama yetu, hawezi kumdanganya ndani ya nyumba yake. Hivyo ndivyo anavyokuheshimu. Mimi sina dawa ya heshima hiyo. Unayo wewe.

Nimebakiwa na zamu hadi Jumatatu ya tarehe 29, nimeomba kubadilishana, hakuna aliyekubali. Sitakuwepo kikaoni. Nenda ukamwambie. Usipambe, usizunguke. Nenda.

Mpwa wako


Jumanne, 23 Septemba

Mjomba, shikamoo.

Siku hizi hupiti nyumbani. Nilikuja dukani jana, kijana wa mapokezi akasema umetoka, lakini niliona viatu vyako chini ya pazia la kabati la maonyesho. Sikutaka kukusumbua.

Naandika kwa sababu kuandika ni rahisi kwangu kuliko kusema. Naandika mstari, napumzika. Hakuna anayenikatiza.

Dada kaniambia kuhusu picha. Sina hasira. Nilicheka kidogo, kisha kichwa kikauma, nikaacha.

Kuna jambo jingine linanisumbua. Siku ile kule hospitali nilipotoka kwenye mashine nikakaa kando yako benchini, nesi alikuwa anakuuliza maswali kabla hujaingia. Alikuuliza kama umewahi kugongwa kichwa, au kuzimia, au kudondokewa na kitu chochote. Nilikusikia ukijibu, "Hata siku moja, binti yangu. Hata kofia haijawahi kunibana."

Lakini boriti naijua tangu mdogo. Nilikuwa nakaa mapajani mwako unanisimulia. Ulikuwa unaniwekea kidole utosini, hapa, unaniambia nisikie palivyobonyea. Kila nilipoumia kazini niliikumbuka hiyo, nikanyanyuka. Hata siku ya ngazi, nilipozinduka kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba Mjomba angekuwa ameshanyanyuka.

Sasa haviwezi kuwa kweli vyote viwili. Daktari alinionya kwamba kichwa kilichoumia huweza kuchanganya mambo, mtu akadhani kasikia kitu kisichosemwa. Kama yale ya benchini nimeyabuni mwenyewe, basi siwezi kujiamini kwa lolote nililolisikia tangu nianguke. Hata barua ya daktari, sijui kama naielewa au najisomea ninachotaka. Na hapo Baba atakuwa na haki. Nitampa ufunguo mwenyewe kabla ya Jumapili, asipate taabu ya kuninyang'anya mbele za watu.

Niambie tu lipi ni kweli. Sitamwambia mtu.

Mizani
(nasaini hivi kwa mazoea)


Jumamosi, 27 Septemba

Shemeji,

Barua hii nimeipenyeza chini ya mlango wako kwa mkono wangu. Kesho uisome kikaoni kwa sauti kabla hujagusa ufunguo. Nami nitakuwa nje, upande wa karakana. Ukinihitaji niite, usiponihitaji pia nitasikia, dirisha lile alilifunga Mizani kabla ya ajali lakini wewe ndiye uliyelivunja kioo.

Nimekasirika, na nitaanza na wanaostahili. Nimemkasirikia yule daktari wa hapa, aliyetazama ukuta wa nje akasema ndani hakuna moto. Angesema "mimi sijaona" angekuwa mkweli. Alisema "hana kitu", na kati ya maneno hayo mawili kuna shimo ambalo mtoto wetu ametumbukia miezi mitano. Nimemkasirikia yule fundi wa milango ya bati, kwa sababu zake na kwa kuniita mzee. Na nimekukasirikia wewe, shemeji. Stoo yako ilikuwa na panya uliowasikia kila siku na hukuwahi kumwona hata mmoja. Uliwatega au hukuwatega? Ulisema hawapo kwa sababu hawako rafuni? Mwanao anakulilia usoni, unataka akuletee risiti!

Haya. Sasa wa mwisho ninayemkasirikia, viatu vyake vinanifaa mimi, tunavaa namba moja.

Ile picha ya fremu ni yangu. Namba 31 ni mimi. Binti yako hakukudanganya. Nilijua kwamba majibu yatachelewa, nikajiambia baba mtu hajui kusoma picha, na mimi pia sijui, basi tutakuwa sawa. Nyekundu si damu. Buluu si kukatika. Ni nyuzi zangu tu, zimelala vizuri kwa sababu hazijawahi kusumbuliwa, na kama daktari mwenzake yule aliuliza ni nani mwenye nyuzi zilizopangika hivi, mwambie jina langu na mahali nilipo. Lakini usimhukumu mwanao kwa ubongo wangu. Soma barua ya daktari wake. Isome polepole, mruhusu akae kando yako, na taa uzime ile nyeupe uwashe ya njano.

Nadhani hapo ungetosheka. Nami nilitaka kuishia hapo. Nimekaa ghalani tangu asubuhi nikijaribu kuishia hapo.

Lakini kijana aliniandikia. Tangu Jumanne natembea na barua yake mfukoni kama mtu aliyebeba kaa la moto kwenye suruali. Ameniuliza kama alisikia sawasawa nilipomwambia nesi kwamba sijawahi kudondokewa na kitu. Anadhani kichwa chake kimemdanganya. Shemeji, mnisikie wote, na wewe Mizani unisikie kwanza: ulisikia sawasawa. Neno kwa neno, mpaka la kofia. Kati ya watu wote waliokuwa kwenye korido ile, kichwa kilichokuwa kinasema kweli ni hicho hicho kilichoumia. Jiamini. Na ufunguo usimpe mtu.

Boriti haikuwepo. Hakuna boriti iliyonidondokea, hakuna niliyoikung'uta, na malori mawili waliyamaliza wengine. Nilimwambia nesi ukweli kwa sababu wanaotakiwa ni wasiowahi kugongwa, na mimi nilitaka kuwa kipimo. Kwa hiyo hospitali haina kesi nami, kichwa changu kinabaki halali na namba yangu isifutwe. Utosi nao haukubonyezwa na kitu chochote. Ndivyo nilivyozaliwa.

Na wewe usimpige tena mwanao kwa boriti ya chuma isiyokuwepo, maana ndiyo uliyomgongea miezi yote hii, na imemuumiza kuliko ngazi.

Kuhusu kilichonidondokea siku ile, kilikuwa kitu kingine cha pale ghalani. Uzito wake si hoja.

Mjomba wa watoto wako

Nyongeza: Nimerudi kutoka nusu ya njia, nimekaa kwenye ngazi za mlango wako naandika gizani kwenye karatasi nyingine, kwa sababu najua Mizani atauliza, na kesho huyu mtoto asijibiwe nusu nusu. Lilikuwa godoro, shemeji. La sponji. La kitanda cha mtoto. Lilinidondokea kutoka rafu ya pili, nikaenda kulala nyumbani kwako wiki nzima na kitambaa kichwani, ukiwa safarini, na marehemu mke wako akawa ananilisha kwa kijiko. Dada yangu aliliona godoro lenyewe. Hakunidai picha ya kuthibitisha maumivu, na hakumwambia mtu, hata wewe.